Kifungua Mlango cha Fundi wa Boila

Baridi ikianza kuuma, Waswahili wa huku Uingereza huanza kuwasema mafundi wa boila, ule mtambo wa gesi unaopasha moto nyumba na maji. Utayasikia maneno yao msibani, utayasikia harusini: "Kaja, kasimama dakika kumi, kabonyeza kitufe, kaondoka na pauni 84." Wa pembeni anatikisa kichwa, anaongeza la kwake, na mazungumzo yanaishia kwamba Wazungu wamehalalisha wizi. Mimi ndiye ninayepokea simu kwenye karakana ndogo ya mafundi hao hapa Leicester, na hiyo pauni 84 naitaja kwa mdomo wangu kila siku. Basi leo nawatetea. Hawa nao wana mila zao, na mila ya watu ukiitazama ukiwa mlangoni lazima uione kioja.

Tuanze na simu, maana hapo ndipo watu wanapowadhulumu mafundi bila kujua. Desturi ya karakana yetu, waliyoirithi mafundi kwa wazee wao wa kazi, ni kwamba fundi hatoki mpaka simu imefanya kazi yake kwanza. Nauliza: skrini inaonyesha namba gani? Mshale wa presha umesimama wapi? Maji ya moto yanatoka jikoni? Mshale ukiwa chini ya bar 1, mara nyingi mfumo umepungukiwa maji tu. Namwelekeza mteja kwenye kibomba cha kujazia, afungue taratibu mpaka mshale ufike kati ya 1 na 1.5, kisha afunge vizuri. Usiku ukiwa wa barafu, na asubuhi boila inakoroma halafu inazimika, najua ni kile kibomba cheupe cha plastiki kilichotokeza nje ya ukuta. Tangu 2005 sheria za ujenzi za England na Wales zimetaka boila mpya ziwe za aina inayonyonya joto hadi lililomo kwenye moshi. Moshi ukipoa unatoa maji, maji yanapita kwenye kibomba hicho, na yakiganda humo boila inajizima yenyewe. Dawa yake ni maji ya uvuguvugu, si ya kuchemka, yamiminwe juu ya kibomba, kisha mtu abonyeze kitufe cha kuwasha upya. Mteja ananiombea dua, anakata simu. Tumelipwa nini? Hakuna. Wanaolalamikia pauni 84 hawazihesabu asubuhi hizi.

Simu ikishindwa, ndipo inapokuja ada ya kufika. Kwetu pwani, kwenye harusi, kifungua mlango hulipwa na anayebisha hodi. Huku hulipwa na anayefungua, na hilo ndilo linalowachoma watu wetu. Lakini mlango wenyewe una gharama. Ada yetu ni pauni 70, ukiongeza VAT ya asilimia 20 inakuwa 84, na ndani yake mna safari, bima, mafuta na saa nzima ya kwanza ya kazi. Baada ya hapo tunahesabu kwa nusu saa. Jirani yako kama alimpata fundi wa peke yake asiyetoza VAT, huenda ni kwa sababu mauzo yake hayajavuka pauni 90,000 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa Aprili 2024, kwa hiyo halazimiki kujiandikisha. Zile pauni 14 zetu zinakwenda serikalini. Hata hivyo lawama zote zinabaki kwangu.

Mji huu una Wahindi wengi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na wazee wao bado wana Kiswahili chao. Kuna mama mmoja ambaye kila mwaka akisikia sauti yangu anaacha Kiingereza: "Punguza kidogo, binti yangu. Mimi mtu wa Jinja." Namwamkia shikamoo, tunacheka, na bei haishuki. Naye anajua haishuki. Ila asipoomba ataona amedhulumiwa, na mimi asipoomba nitadhani anaumwa.

Sasa lile jambo ninalolipenda kuliko yote: kutafuta ubovu. Niliwahi kuongozana na fundi wetu mkubwa hadi nyumba moja ambayo boila ilikuwa kimya. Hakuigusa. Alimuuliza mwenye nyumba ilianza lini, akapandisha kidhibiti joto cha ukutani, akasimama anasikiliza. Akafungua kifuniko. Feni inayosukuma moshi nje ilikuwa haizunguki. Mtu mwenye haraka angesema feni imekufa, aagize feni. Yeye akatoa mita, akagusisha ncha zake mbili pale waya zinapoingia kwenye feni, tukatazama namba: volti 230. Umeme unafika, feni haigeuki, basi feni ndiyo mbovu. Pangekuwa hapana umeme, ubovu ungetafutwa nyuma, kwenye bodi ya umeme, na bodi nyingine zinapita pauni 200. Wenye maduka ya vipuri kwa kawaida hawapokei tena kifaa cha umeme kikishafungwa. Fundi akibahatisha, kuna mtu atalipa hasara hiyo, na mila ya mafundi wa heshima inasema anayelipa ni yeye mwenyewe.

Kazi ile ya mita haikufika dakika mbili. Ndiyo iliyolipiwa.

Kisha akaandika kwenye karatasi: bei ya feni, saa za kazi, VAT, jumla. Mama wa watu akasema angoje mshahara wa Ijumaa. Fundi akarudisha kifuniko, akapima, akaaga. Pale mama alidaiwa ada ya kufika tu, na fundi aliporudi na feni hakumtoza mlango mara ya pili. Ya chai anayokaribishwa fundi sisemi. Anywe asinywe, bei ni ileile. Na ule mtindo wa kuvuta hewa kwenye meno wakiangalia kazi ya aliyewatangulia ni utani wao wa jadi, waachieni.

Ndugu zangu watanijibu kwamba Dar es Salaam fundi friji anakuja kwa nauli tu. Kweli. Lakini naye ana watoto, na ile kazi ya kuangalia lazima ailipize pahala. Anailipiza kwenye kifaa: atakwambia kompresa imekufa, atakwenda Kariakoo mwenyewe, risiti hutaiona. Simlaumu. Tumemnyima bei ya akili yake, kaitafuta kwenye bei ya chuma. Fundi aliyelipwa kwa kuangalia ndiye peke yake anayeweza kukwambia "huna ubovu" bila kulala njaa.

Kinachoniuma ni kwamba hata huku mila hii inakwisha. Siku hizi kuna matangazo ya kuja kuangalia bure. Anayekuja bure mara nyingi anakuja kuuza: atakohoa kidogo, atasema boila imezeeka, vipuri vyake vigumu, na kabla hujakaa unaonyeshwa mpango wa kulipa boila mpya ya maelfu ya pauni kidogo kidogo. Vijana nao wanafundishwa kusoma namba kwenye skrini na kubadilisha. Namba ya kushindwa kuwaka inaweza kuwa gesi haifiki, au kiwashio kimechoka, au bodi imeharibika. Skrini haitakwambia ni lipi. Fundi wetu mkubwa anakaribia kustaafu, na wanaomfuata wanapimwa kwa idadi ya nyumba walizomaliza kwa siku. Hapo nani atasimama kusikiliza?

Na kuna jambo letu wenyewe, tusilifiche. Tukikimbia ada tunamwita "mtu wetu", kijana asiyeandikishwa, afungue boila kwa pauni 40. Kufanya kazi ya gesi nyumbani kwa mtu kwa malipo bila kuandikishwa ni kosa la jinai hapa, na kaboni monoksidi haina harufu. Fundi aliyeandikishwa akikuta hatari atakuomba ruhusa azime, atabandika onyo, na utabaki na baridi uliyoilipia. Utakasirika. Mlipe hivyohivyo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kumwita mwizi, muulize kwenye simu mambo matatu: ada hii inafunika muda gani, VAT imo au haimo, na akirudi na kifaa utalipa mlango tena? Akifika, omba kadi yake ya Gas Safe, rejista ya mafundi wa gesi iliyochukua nafasi ya ile ya CORGI tangu 1 Aprili 2009, na uigeuze. Picha iko mbele. Kazi anazoruhusiwa kufanya zimeandikwa nyuma.