Hukumu ya Kuua Nguruwe Mwitu kwa Upinde

Wakulima wa mihogo na mahindi wanaoharibiwa mashamba na nguruwe mwitu huuliza: je, Muislamu aweza kumpiga kwa mshale? Na akishamuua?

Tunasema: kumuua ili kuzuia madhara kunajuzu. Lakini asiteswe, kwani Mtume (s.a.w.) ametuamrisha wema hata katika kuua. Basi mshale uwe mkali, na aliyejeruhiwa afuatwe amalizwe.

Ama mtu asidhani kuwa Bismillahi itamhalalisha. Kutaja jina la Allah na kutoboa kwa ncha, kama alivyofundishwa Adiyy bin Hatim (r.a.), ni hukumu za mawindo yaliyo halali kwa asili, mfano paa. Nguruwe ni haramu kwa dhati yake (Al-Maida, aya ya 3), awe wa kufugwa au wa mwitu.

Wala asimuuzie jirani asiye Muislamu. Jabir (r.a.) amepokea kuwa mwaka wa kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) alitangaza kuharamishwa biashara ya ulevi, mzoga, nguruwe na masanamu. Bei yake ni haramu hata kama mnunuzi kwake ni halali.

Na mshale uliomuua? Kauli mashuhuri ya Mashafii ni kuuosha mara saba, moja kwa udongo, kwa kumkisia nguruwe na mbwa. Imam Nawawi ameona kuwa kwa upande wa dalili, mara moja yatosha. Kwa vyovyote, uoshwe kabla ya kupigia paa.

Mkulima ana haki ya kulinda chakula chake. Faida ya mzoga huo si haki yake.

Wallahu a'lam.