Je, Wajua Kinachovaliwa na Mguu wa Kiti?

Mtu anaponunua viti vya sebule hugonga mbao kwa kidole apate kujua kama ni mninga wa kweli au ni mti mwingine uliopakwa rangi, hukaa, huinuka, hubishana na seremala juu ya bei, na aghalabu hurudi nyumbani pasipo kukipindua kiti hata kimoja kutazama nyayo zake. Ilhali ni hapo chini, mahali pasipoonekana na wageni, ndipo kiti na sakafu vinapokutana kila siku, na ndipo kimoja kinapoumia iwapo hapana kitu cha kuvisuluhisha.

Kitu hicho ni cha kale. Mafundi wa Misri ya Mafirauni, waliochonga miguu ya samani kwa sura ya nyayo za simba, hawakuziacha nyayo hizo zikanyage chini, bali waliweka chini ya kila moja kigogo kifupi cha mviringo chenye michirizi. Na vigogo hivyo vyaonekana katika viti vya Tutankhamun, ambaye kaburi lake lilivumbuliwa na Howard Carter mwaka 1922. Pwani yetu nayo ilikuwa na desturi ya kutia miguu ya kabati la chakula ndani ya vikopo vya maji yenye matone ya mafuta ya taa. Walakini muradi wake ulikuwa kuwazuia sisimizi, na sakafu, nadhani, ilipata hasara kuliko faida, kwa kuwa kikopo cha bati hushika kutu na kuacha duara jekundu. Naye anayelisugua duara hilo kwa limau juu ya terazo huzidisha madhara, maana tindikali ya limau hula vipande vya marumaru vilivyomo.

Wengi hudhani kwamba kinachoharibu sakafu ni uzito. Uzito peke yake hauna hatia kubwa. Hatia ni ya ufinyu wa mahali unapotua. Chukua kiti cha bomba la chuma, cha namna ile inayojaa katika kumbi za harusi, ambacho bomba lake lina upana wa sentimita 2 na unene wa milimita 1 tu. Maadamu kizibo kipo mahali pake, kila mguu hukanyaga eneo la sentimita za mraba 3 na kidogo. Lakini kizibo kikidondoka hubaki ukingo wa bomba, wenye eneo lisilozidi sentimita ya mraba 0.6. Mtu na kiti wakiwa na kilo 72 pamoja, katika hali ya kwanza kila sentimita ya mraba hubeba takriban kilo 6, na katika hali ya pili kilo 30. Naye akiegemea nyuma kwa miguu miwili, kama wapendavyo watu wenye shibe, ni kilo 60. Mtu ni yule yule na kiti ni kile kile.

Adui wa pili ni mchanga. Mwaka 1812 mtaalamu wa Kijerumani, Friedrich Mohs, aliyapanga madini kumi kwa daraja za ugumu, lililo gumu likilichora lililo laini. Katika mpango wake kalisaiti, ambayo ndiyo mwili wa marumaru, ina daraja ya 3, na kwatzi, ambayo ndiyo punje nyingi za mchanga wa bara, ina 7. Basi punje moja ikinaswa chini ya mguu wa kiti yatosha kuchora marumaru, na ubao wa msaji hauna hata la kujitetea.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wauzaji wanaoisifia felti kwa kila nyumba. Felti ya asili haikufumwa: nyuzi za sufu, zenye magamba madogo mno, hutiwa maji na joto na kubanwa hata zikashikamana. Ni laini, haina kelele, na kwa sakafu ya mbao inayofutwa kwa kitambaa kikavu sina la kuilaumu. Lakini nyumba zetu nyingi hupigwa deki kwa ndoo ya maji kila asubuhi: felti huyanywa maji, gundi huachia, na ule ulaini uliosifiwa huzishika punje za mchanga na kuzifuga, mpaka mguu ukawa umevikwa msasa, na mwenye nyumba angali akidhani ameuvika kinga.

Mpira haunywi maji, na kwa vigae na saruji ndio ninaouchagua. Una aibu zake. Haupatani na zulia la plastiki, kwani dawa zinazotiwa katika mpira ili usizeeke upesi huhama polepole na kuingia katika plastiki ile, zikaacha doa la manjano au la hudhurungi lisilotoka kwa kusugua, kwa sababu haliko juu, limo ndani. Kipande cha tairi kuukuu huongeza na weusi wa masizi yaliyochanganywa humo kiwandani. Tena mpira hulia: hushika, huvutwa, huachia, hushika tena, mara nyingi mno katika sekunde moja, na kanuni hiyo hiyo ndiyo inayoitoa sauti ya fidla katika taarabu, ingawa hapana aliyepata kumtunza mtu kwa kuburuta kiti.

Lililobaki ni kipimo. Mguu wa mviringo huzungushiwa uzi, urefu wa uzi ukazidishwa kwa 7 na kugawanywa kwa 22, na huo ndio upana. Kisha huchaguliwa kofia iliyo nyembamba kidogo kuliko hapo, maana mpira hutanuka, na kofia inayopwaya huachwa nyuma siku ya kwanza kiti kinapovutwa. Mguu uliolala hautaki kibandiko bapa, kwa kuwa kitakanyaga kwa ukingo mmoja. Ikiwa kinga ni ya msumari, toboa kwanza tundu jembamba, kwani mbao ngumu hupasuka upesi. Na zikilika zibadilishwe zote nne pamoja, kwa sababu moja mpya kati ya tatu zilizokwisha hukifanya kiti kiyumbe, na uzito wote ukatua juu ya miguu miwili.