“Nilikaa Tu”

Karatasi yenyewe ilikuwa ya kawaida: jina, anwani, elimu, kisha mistari mitatu ya kueleza kazi ulizowahi kufanya. Mistari miwili ilikuwa mitupu. Kwenye wa tatu mtu alikuwa ameandika kwa penseli, kwa Kiswahili: “Nilikaa tu.”

Niliiona mwaka 2023 mezani kwa mshauri wa ajira mjini Lexington, katika jimbo la Kentucky, Marekani. Shughuli iliyonipeleka pale ilikuwa nyingine kabisa, lakini maneno yale mawili hayakunitoka. Aliyeyaandika ni mama wa Kibembe kutoka Fizi, mashariki ya Kongo. Aliingia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, akiwa msichana, akatoka akiwa bibi.

Mshauri, ambaye ameomba nisimtaje jina, naye alikulia kambi hiyohiyo. “Karatasi za namna hii nimezipokea nyingi,” aliniambia. “Mtu ameishi pale miaka ishirini na zaidi, ukimuuliza alifanya nini, anakwambia hakufanya kitu. Na wala hadanganyi. Anaamini hivyo.”

Imani hiyo ina chimbuko. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996, na mkimbizi haruhusiwi kutoka zaidi ya kilomita 4 bila kibali. Anayefanya kazi kwenye shirika hupewa motisha, si mshahara. Ukiambiwa muda wote huo kwamba huna ruhusa ya kufanya kazi, hata ulichokifanya kwa mikono yako utakiita kukaa.

Mwanzoni mshauri alikuwa akiuliza kama fomu inavyouliza: “Mama, ulifanya kazi gani?” Jibu lilikuwa moja: “Hakuna, mwanangu.” Siku moja, kwa kuchoka, akauliza swali jingine: “Siku ya posho uliamka saa ngapi?” Tangu hapo hajaliacha.

Mama wa Fizi alijibu saa kumi alfajiri. Kwa nini mapema hivyo? “Nilikuwaka kiongozi wa kikundi. Mimi nikichelewa, watu wangu wanakula mwisho.” Mshauri akaweka kalamu chini, akasikiliza. Kumbe mama huyu ndiye aliyekuwa akipokea magunia ya kikundi chake na kuyagawa. Kipimo chake kilikuwa kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa mdomo, ubavuni limeandikwa USA. Alichota unga, akapitisha kijiti juu ya kopo ili kipimo kiwe sawa kwa wote, akamimina. Kwa kuwa gunia halikuwa na uhakika wa kutosha, aligawa kwa mizunguko miwili: wa kwanza kopo pungufu kidogo, wa pili kugawa kilichobaki. Hivyo wa mwisho kwenye foleni hakurudi na mfuko mtupu. Aliyelalamika alipewa kopo alishike mwenyewe, apime mbele ya macho ya watu.

“Nikamwambia, mama, hapa Marekani mtu analipwa kwa kazi hiyo,” alisema mshauri. Akaandika: amepima, amehesabu, amegawa chakula cha kaya nyingi, ametuliza ugomvi, hakuwahi kuchelewa. “Sikuongeza neno hata moja la uongo.”

Kuna jambo moja mama alikataa lisiandikwe. Aliwahi kuzalisha wanawake usiku, mvua ikinyesha, gari la wagonjwa halijafika. “Hiyo acha,” alisema. “Hiyo si kazi, ni ujirani.” Mshauri hakubisha, maana bila cheti hospitali za Marekani zisingempokea kama mkunga. Mpaka leo najiuliza kama mstari ule ulistahili kuachwa.

Muda wa kutafuta kazi nao ulikuwa mfupi. Mkimbizi aliyepokewa Marekani ana haki ya kufanya kazi tangu anapowasili, na huduma za mapokezi zilipangiwa siku 90. Nauli ya ndege ni mkopo usio na riba, na baada ya miezi michache anatakiwa kuanza kuulipa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ile inayopatikana haraka: hotelini, kwenye kiwanda cha nyama, ghalani. Mshauri anamkumbuka mwalimu aliyefundisha hesabu kambini kwa miaka mingi, ambaye sasa anapanga maboksi usiku. “Nilimpatia kazi, ndiyo,” alisema, kisha akanyamaza kidogo. “Kama nilimsaidia, sijui.”

Katika mwaka wa fedha 2016, Wakongo 16,370 walipokewa Marekani, wengi kuliko wakimbizi wa taifa jingine lolote. Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Kiwango cha juu kilichotangazwa mwaka 2025 kwa mwaka wa fedha 2026 kilikuwa watu 7,500, na nafasi nyingi zilitengewa Waafrikaner wa Afrika Kusini. Waliokwishafanyiwa usaili Nyarugusu, wakauza sufuria na kugawa magodoro wakisubiri ndege, wamwendee nani?

Ofisi ile ya Lexington ilipunguza watu, na mshauri wetu akawa miongoni mwao. Sasa anawasaidia watu Jumamosi, jikoni kwake, bila malipo. Mama wa Fizi anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli.

Nilipompigia simu mara ya mwisho, mshauri alinipa ujumbe kwa walioko makambini, Nyarugusu, Kakuma ya Kenya na Nakivale ya Uganda, wawe na safari au wasiwe nayo. Tafuta daftari. Andika ulichofundisha, ulichoshona, uliowazalisha, mwaka gani, zoni ipi, na nani alikuwa msimamizi wako. Ambaye hajui kuandika, mtoto wake amwandikie. Usisubiri kuulizwa.