Wi-Fi ya hosteli: kweli au chumvi?

Kwenye hosteli za wanachuo wa Shinyanga, Kahama na Geita, elimu ya Wi-Fi hurithishwa kwa mdomo, mwaka wa pili ukimwachia mwaka wa kwanza pamoja na sufuria na lile jiko la umeme lililopigwa marufuku. Baadhi yake ni sahihi. Baadhi ndiyo inayomkesheza mtu ngazini, simu ameinyanyua juu, siku ya mwisho ya kuomba mkopo wa HESLB.

"Vijiti vimejaa, kwa hiyo intaneti ipo."

Si kweli, na huu ndio uongo unaozaa mwingine. Vijiti hupima kitu kimoja tu: simu yako inavyosikilizana na kile kisanduku kilichobandikwa koridoni. Nyuma ya kisanduku kuna waya hadi ofisi ya TEHAMA, na baada ya hapo kuna kiungo ambacho chuo hukinunua kwa TTCL au kampuni nyingine. Kiungo hicho kina kipimo chake. Mtu wa Shinyanga hahitaji maelezo marefu hapa: maji yake yanatoka Ziwa Victoria, yanasafishwa Ihelele kule Misungwi, kisha yanasafiri bombani hadi mjini na Kahama. Koki mpya inayong'aa haiongezi tone kama mtaa mzima umefungua kwa pamoja.

Piga hesabu. Chuo kikiwa na megabiti 50 kwa sekunde, na wanafunzi 200 wakaingia kwa mkupuo saa tatu usiku, kila mmoja anabaki na robo ya megabiti. Ujumbe wa WhatsApp utapita, video itazunguka hadi uchoke. Saa kumi na moja alfajiri kiungo ni kilekile, ila wenzako wamelala. Pakua notisi wakati huo.

"Kusogea mlangoni ni kujifariji tu."

Si kweli. Kunasaidia. Ukuta wa tofali za saruji hupunguza nguvu ya mawimbi, na chuma huyarudisha yalikotoka. Sasa hesabu dabodeka za chuma zilizomo chumbani kwako na makabati ya bati. Aliyelala kitanda cha chini kwenye kona ya mbali na koridoni ana haki ya kulalamika.

Kisanduku kikirusha majina mawili, moja likiwa na 5G mwishoni, usidhani ni ile 5G ya laini ya simu. Ni masafa ya gigahezi 5: yana kasi, lakini ukuta huyachosha upesi. Yale ya 2.4 hufika mbali zaidi ila yana msongamano. Chumba kinachotazamana na kisanduku kitumie 5, cha mwisho wa koridoni kitumie 2.4.

"Kila mmoja awashe hotspoti yake, tuipumzishe Wi-Fi ya chuo."

Nusu kweli. Kiungo cha chuo kitapumua, hewa ya chumbani itachafuka. Kwenye gigahezi 2.4 kuna njia tatu tu zisizogongana, yaani namba 1, 6 na 11. Hotspoti nane katika chumba kimoja zitagombania njia hizo hizo, na bando la kila mtu litakwenda kwa mwendo wa kobe.

"Ukurasa wa kuingia haufunguki, basi wamenifungia."

Mara nyingi si kweli. Mtandao wa chuo hulazimika kukuingilia kati ili ukuoneshe ukurasa wa jina na nenosiri, na tovuti nyingi siku hizi hutumia https, ambayo kazi yake ni kukataa kuingiliwa. Zima VPN, kisha fungua anwani inayotumia http tupu, kwa mfano neverssl.com, iliyotengenezwa kwa shida hiyohiyo. Kwenye Android, angalia pia kama umewasha DNS ya faragha.

"Nimewapa TEHAMA namba ya utambulisho wa simu yangu, yaani anwani ya MAC, bado inagoma, wanatuonea."

Hapa mkosaji ni simu yenyewe. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujitungia anwani ya MAC ya bandia kwa kila mtandao wa Wi-Fi, ili mwenye simu asifuatiliwe. Wewe umenakili anwani halisi kwenye ukurasa wa "Kuhusu simu", nayo simu inabisha hodi kwa jina jingine. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa chuo peke yake, chagua anwani ya kifaa badala ya ile ya nasibu. Lakini ofisi nayo isijitoe: karatasi moja ya maelezo mlangoni ingepunguza foleni.

"Nyaya za baharini zinatuhusu nini sisi wa Geita?"

Zinawahusu sana. Mkongo wa Taifa unafikisha mawasiliano makao makuu ya mikoa, lakini safari ya kwenda ng'ambo hupitia pwani. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku kama hiyo, kuzima na kuwasha ruta ni kuitesa bure.

"Wi-Fi ya ukutani inaharibu uzazi."

Hakuna ushahidi thabiti wa hilo. Kisanduku hutoa takriban sehemu ya kumi ya wati. Mwaka 2011 taasisi ya WHO ya utafiti wa saratani iliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi la "huenda yakasababisha saratani", si kuharibu uzazi, hasa kwa sababu ya tafiti za simu zinazobanwa sikioni.

"Ukitembelea chuo kingine lazima uombe nenosiri la huko."

Si lazima, iwapo vyuo vyote viwili vimo kwenye eduroam, mpango ulioanza Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ambao nchini Tanzania husimamiwa na TERNET, mtandao wa elimu na utafiti. Nenosiri lako huthibitishwa na chuo chako mwenyewe, popote ulipo. Jina uandike lote, pamoja na alama ya @ na anwani ya chuo. Wengi huishia kabla ya hapo. Na mipangilio uiweke ukiwa bado chuoni kwenu, maana kuipakua kunahitaji intaneti.