Rangi ya Biriani Haiingii Ntani

Wiki iliyopita alipanda ngazi za jumba letu hapa Kikwajuni bibi mmoja mwenye haiba na adabu zake, akanifungulia kitambaa ambamo alikuwa ameuhifadhi mshumaa aliousubu kwa mkono wake mwenyewe, mweupe kutoka kichwani hadi kiunoni, na chini, mahali palipokusudiwa tabaka la rangi ya machungwa, mweupe vile vile, ila kwa vijidoa vyekundu vilivyozama kitakoni mwake kama mbegu za pilipili; na kabla sijamaliza kumkaribisha kikao aliniuliza suala ambalo nimekwisha kuulizwa na vijana wa Michenzani, na mabibi wa Kilimani, na mwalimu wa skuli, na mpambaji wa maharusi, mara nyingi kupita hesabu ya vidole vyangu: "Fundi, nizidishe rangi kiasi gani?"

Asizidishe hata chembe. Alichokitia ni rangi ya chakula, ile itiwayo katika wali wa biriani na katika kashata, na alianza kwa nusu kijiko, akapanda hadi kijiko, akamaliza kichupa kizima, akidhani, kama wengi wadhanivyo, kwamba rangi ni mithili ya chumvi, ambayo isipokolea huongezwa mpaka ikolee. Suala lilikosewa tangu msingi wake, na subira yangu juu yake imekwisha, si kwa kumchukia muulizaji, ambaye ni mgeni wangu na ana haki ya kujibiwa, bali kwa uchungu wa kuona nta safi, iliyonunuliwa kwa fedha ya jasho, ikitupwa jaani mtaa kwa mtaa kwa sababu ya itikadi moja isiyo na asili.

Zamani hatukuwa na mashaka haya. Mwezi wa Mei 2008, ulipokatika umeme tuletewao kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na Unguja ikakaa gizani kadiri ya mwezi mzima, na tena kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu ya kuteka maji kwa ndoo na kupika kwa kukisia, hapana aliyenijia kutafuta rangi: watu walitaka mwanga, na mshumaa mweupe ulikuwa neema tosha. Sasa taa zinawaka, na mshumaa umehama kutoka haja ukaingia katika pambo. Bibi harusi anautaka ulingane na kitambaa cha meza, mwenye hoteli anautaka wa rangi za machweo, na mikono ya vijana wetu, ambayo ina ufundi wa kutosha kwa hayo yote, inashindwa mlangoni tu, kabla ya kuingia katika nakshi yenyewe.

Ndugu msomaji, twaa gilasi, utie mafuta ya nazi hadi nusu yake, kisha udondoshe ndani yake tone moja la rangi ya chakula iliyoyeyushwa katika maji. Utaliona tone lile likishuka zima, limejikunja kama lulu, hata litue chini, na mafuta yaliyolizunguka yasipate hata kivuli cha wekundu. Koroga kwa nguvu zako zote, na lulu moja itakuwa lulu mia, nazo zote zitashuka tena mara utakapoupumzisha mkono. Ukitia unga mkavu badala ya tone, unga utalala kitakoni kama mchanga wa pwani. Hayo uyaonayo katika gilasi ndiyo yapitayo ndani ya sufuria ya nta, isipokuwa nta, kwa kuwa huganda, huzifunga lulu zile mahali zilipo, na ndizo vile vijidoa alivyoniletea bibi yule ndani ya kitambaa.

Nta, iwe ile nyeupe itokanayo na mafuta ya ardhini tuiitayo parafini, au ile ya manjano ya nyuki, ni ya ukoo wa mafuta, na baina ya ukoo huo na maji hapana udugu, jambo ambalo kila apikaye mchuzi wa nazi hulishuhudia kwa macho yake tui linapokatika na mafuta yakaelea juu. Rangi ya chakula imeundwa kusudi iyeyuke katika maji, kwa sababu sehemu kubwa ya chakula ni maji. Hali ni hiyo hiyo kwa unga wa rangi ya mikeka, ambao nao nimeuona ukitiwa ntani, maana wapo wanaohoji kwa kusema, "Mbona ukindu unashika?" Unashika kwa kuwa ulitokoswa katika sufuria ya maji, na maji yakaichukua rangi yakaifikisha ndani ya jani. Hata zafarani, pamoja na thamani yake, ni ya kabila hilo, na ndiyo sababu mpishi huiroweka katika maji ya moto au maziwa kabla ya kuinyunyizia juu ya wali, wala haikaangi katika samli. Anayetaka zafarani iipake nta manjano anadai kitu ambacho tabia ya zafarani haikuumbiwa.

Kisha, juu ya itikadi hii, zimeota dawa zake, na dawa ni mbaya kuliko maradhi. Mmoja atakuambia utie kijiko cha spiriti ili rangi "ifunguke". Spiriti huchemka kabla maji hayajafikia kuchemka, na mvuke wake hushika moto upesi mno. Aitiaye katika sufuria ya nta ya moto iliyo juu ya seredani yenye makaa mekundu anacheza na nyusi zake, na pengine na nyumba ya jirani yake. Mwingine hutia sabuni ya kuoshea vyombo, akifikiri kwamba maadamu sabuni huyapatanisha maji na mafuta katika sahani, itayapatanisha na ndani ya mshumaa. Nayo hupatanisha kwa namna moja tu, ya kuyagawa maji kuwa matone madogo yasiyoonekana, ambayo utambi ukiyafikia hugeuka mvuke ghafula, moto ukatatarika na kurusha cheche za nta juu ya kitambaa kile kile cha harusi kilichokusudiwa kupambwa. Siki na ndimu ni maji tu yaliyochachuka. Na yule ashauriye kwamba nta ichemshwe sana mpaka "iikubali" rangi, naye ndiye hatari kupita wote, hajui kwamba nta haipaswi kuchemshwa kamwe: nta ya nyuki huyeyuka kwenye digrii 62 hadi 64 za sentigredi, parafini nyingi huyeyuka kwenye kiasi kama hicho au chini yake, na ikifikia kadiri ya digrii 200 mvuke wa parafini huwa tayari kulipuka kwa cheche moja. Ndiyo maana nta huyeyushwa katika mkebe uliokalishwa ndani ya sufuria ya maji, kwa kuwa maji yanayotokota hayapiti digrii 100, na nta iliyomo ndani yake haiwezi kuyapita. Ikitokea imeshika moto, funika kwa kifuniko uondoe jiko. Usimwagie maji, kwani maji yatazama chini yake, yataruka kwa mvuke, na yataunyanyua moto mpaka darini.

Kosa la pili lina huzuni zaidi, maana hujifanya ushindi: ni kreyoni za watoto. Kreyoni ni nta, huyeyuka vizuri, na mshumaa wake hutoka kalibuni una rangi kali ya kupendeza, hata mtu akaita majirani waje kuona. Lakini rangi iliyomo ndani ya kreyoni haikuyeyuka. Ni vumbi laini lililotawanyika, na utambi ni nyuzi zilizosukwa ambazo baina yake nta iliyoyeyuka hupanda kuulisha ulimi wa moto. Nta hupanda na kuungua, vumbi hupanda na kubaki. Baada ya robo saa njia zimeziba, moto unanywea, kisha unazama katika dimbwi la nta yake mwenyewe. Mshumaa wa namna hiyo ni sanamu ya mshumaa. Na rangi ya mafuta ya kupakia mashua na milango isitajwe kabisa, kwani jina lake la mafuta limewadanganya watu, na moshi wake si wa kuvutwa ndani ya nyumba.

Linaloniuma zaidi ni kwamba rangi ya kweli ya nta inaota hapa kisiwani. Kila aliyetembelea mashamba ya viungo ya Kizimbani amemwona mwongozaji akilipasua tunda la mzingefuri lenye manyoya na kuwapaka wageni midomo kwa mbegu zake nyekundu; na rangi ya zingefuri, tofauti na zafarani, hupenda mafuta, na ni rangi hiyo hiyo itumikayo ng'ambo kuipa siagi na jibini umanjano wake. Tia mbegu nzima katika nta iliyoyeyuka, uache juu ya maji ya moto kadiri ya nusu saa ukikoroga, kisha uchuje kwa melimeli, na utapata rangi ya machungwa ambayo bibi yule aliitafuta katika kichupa. Manjano ya jikoni nayo hutoa rangi yake katika mafuta, ila unga wake lazima uachwe utuame, na nta ya juu tu ndiyo imiminwe. Wekundu wa damu na buluu havipatikani kwa njia hiyo. Hivyo vyataka rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya nta, na muuzaji umuulize neno moja tu, kama huyeyuka katika mafuta, na akisita, mwombe chembe uijaribu katika kijiko cha mafuta ya nazi yaliyopashwa moto kabla hujatoa fedha. Kilo moja ya nta hutosheka na gramu moja, na aghalabu nusu yake.

Nakshi zenyewe, basi, kwa haraka. Ukitaka matabaka, mimina la pili wakati uso wa la kwanza umeshika ngozi na bado una uvuguvugu, ukiubonyeza kwa kidole ubonyee bila kushikamana: ukiwahi, rangi zitavujiana, ukichelewa, matabaka yataachana kama mikate miwili. Ukitaka mshazari, inamisha kalibu juu ya bakuli la mchele, na kila tabaka uigeuzie upande. Vipande vya rangi mbalimbali vilivyokatwa hupangwa kalibuni, kisha nta nyeupe isiyo moto mno humiminwa juu yake, ili visiyeyuke. Kwa nakshi ya marumaru, jaza ndoo maji ya moto, mimina juu yake vijiko viwili vitatu vya nta za rangi, uchovye mshumaa mweupe na kuutoa huku ukiuzungusha. Kwa mshumaa wa matundu, simamisha mshumaa mwembamba uliokamilika katikati ya kalibu, uzungushie vipande vya barafu, mimina nta, na barafu ikishayeyuka uyamwage maji na kuuacha ukauke siku mbili, ndipo matundu uyajaze nta ya rangi ya pili. Nta ya nyuki ya Tabora kwa asili ni ya manjano, basi buluu yako humo itakuwa kijani, na hilo si kosa la rangi. Mafuta ya nazi usiyafanye nta, kwani huyeyuka kwenye digrii 24, nayo Unguja hata usiku wa Februari una joto kupita hapo. Kidogo ndani ya parafini yanatosha. Rangi zilizoyeyuka husafiri, na tabaka jekundu likikaa miezi jirani na jeupe hulitia haya, basi mshumaa wa harusi usisubiwe mapema mno. Lile vumbi lililouziba utambi, kwa kuwa halihami, lina mahali pake pamoja: ganda jembamba la nje, mbali na utambi.

Mshumaa wa zingefuri nilioukalisha dirishani mwangu tangu mwezi wa Rajabu umepauka upande wa jua hadi kuwa rangi ya mchanga, na upande wa ukutani ungali kama siku niliyoutoa kalibuni. Yeyote atakayepanda ngazi hizi nitamwonyesha pande zote mbili, naye aje na kijiko chake cha mafuta ya nazi.