Fahamu: Madaktari hutambuaje mapema mtoto atakayezidiwa na dengue?

Watoto wengi wanaolazwa kwa homa ya dengue hupona. Wachache huzidiwa ghafla, na mara nyingi ni pale mzazi anapodhani nafuu imekuja.

Hatari iko wapi?

Kati ya siku ya tatu na ya saba, homa inaposhuka, mishipa midogo inaweza kuvujisha maji ya damu. Damu inakuwa nzito, mapigo yanadhoofika, mikono na miguu inapoa. Ndani ya saa chache mtoto anaweza kupoteza maisha.

Nini huangaliwa?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2009 unataja maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, kutokwa damu kwenye fizi au puani, ulegevu au kutotulia, na ini kuvimba. Maabara nayo ina neno lake: chembe sahani zikiporomoka haraka huku wingi wa chembe nyekundu ukipanda, hiyo ni ishara ya uvujaji. Ndiyo maana kipimo cha damu hurudiwa. Jibu la jana halitoshi.

Historia ya mtoto nayo ina uzito: virusi vya dengue ni vya aina 4. Aliyewahi kuugua aina moja yuko hatarini zaidi akipata nyingine.

Je, kutambua mapema kunasaidia?

Sana. Dengue kali isipotibiwa inaweza kuua hadi mgonjwa 1 kati ya 5. Uangalizi wa karibu na dripu iliyopimwa vizuri hushusha vifo chini ya asilimia 1.

Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Mzazi, mtoto akishukiwa kuwa na dengue, usimpe aspirini wala ibuprofeni, kwani huongeza hatari ya kutokwa damu. Homa ikishuka naye akazidi kulegea, mrudishe hospitali siku hiyohiyo.