Ukilipia Hoteli kwa Kadi, Usiache Kuhesabu



Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo huenda Dubai kununua bidhaa. Wanafikia hoteli za Deira, wanalala siku tatu nne, kisha wanarudi. Baada ya siku chache ujumbe unaingia kwenye simu: hoteli imechukua fedha nyingine katika akaunti. Na fedha hizo ndizo zilizowekwa kwa ajili ya kutoa mzigo bandarini. Mtu anashika kichwa na kusema ameibiwa. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Leo tujaribu kuyatenganisha mambo hayo.

Kwanza, ijue kadi yako. Wengi wetu tunatumia kadi inayochota moja kwa moja katika akaunti zetu. Hiyo si kadi ya mkopo. Mwenye kadi ya mkopo akigombana na hoteli, fedha inayogombewa ni ya benki, na akiba yake haijaguswa. Lakini kwa mwenye kadi ya akaunti, fedha imekwisha kutoka kabla mabishano hayajaanza. Kwa hiyo yeye ndiye mwenye haraka.

Pili, kuzuia si kukata. Unapofika mapokezi, hoteli huiomba benki yako izuie gharama ya chumba pamoja na amana ya tahadhari, pengine utavunja kitu au utakula bila kulipa. Fedha hiyo haijaenda hotelini, lakini nawe huwezi kuitumia. Tuseme una shilingi milioni 1, chumba ni shilingi 300,000 na amana ni 200,000. Salio la kutumia litasomeka 500,000. Ukiondoka, hoteli itakata 300,000, na zile 200,000 zitafunguliwa baada ya siku kadhaa, mara nyingine zaidi ya wiki. Hata ukiamua kulipa taslimu siku ya kuondoka, zuio lile huenda lisiondoke papo hapo. Waombe mapokezi walifute, na wakupe karatasi inayoonyesha hivyo.

Tatu, si kila tozo usiyoitegemea ni wizi. Dubai ilianzisha mwaka 2014 ada ya utalii ya dirham 7 hadi 20 kwa kila chumba kwa kila usiku, kulingana na daraja la hoteli. Mara nyingi haimo katika bei uliyoonyeshwa ulipoagiza chumba. Vilevile, mashine ya kadi ikikuuliza kama utalipa kwa fedha ya nyumbani au ya huko, chagua ya huko. Ukichagua ya nyumbani, kiwango cha kubadilishia hupangwa upande wa mwenye mashine, na aghalabu hakikupendelei wewe.

Sasa, ikiwa umehesabu na kuona kweli umeonewa, yaani umekatwa mara mbili, au umetozwa vinywaji usivyokunywa, au chumba ulichokifuta ndani ya muda, fanya hivi. Anza na hoteli. Omba ankara yenye mchanganuo wa kila kitu, na lalamika kwa maandishi ili ubaki na ushahidi. Wakikukatalia au wakinyamaza, nenda benki yako ujaze fomu ya kupinga malipo. Ambatanisha risiti, uthibitisho wa kuagiza chumba, na barua mlizoandikiana na hoteli.

Benki yako itapeleka madai kwa benki ya hoteli kupitia mtandao wa kadi, na hoteli itatakiwa kuonyesha kwamba ulikubali malipo yale. Ndiyo maana ile fomu unayotia sahihi mapokezi ukiwa umechoka na safari yafaa uisome. Na usidhani kuwa kwa kuwa ulibonyeza namba yako ya siri basi huna haki. Namba hiyo inaonyesha kuwa ulikuwapo. Haionyeshi kuwa kiasi kilikuwa sahihi.

Usichelewe. Katika mitandao ya Visa na Mastercard, madai mengi ya namna hii yana kikomo cha siku 120, na benki nyingine hutaka taarifa mapema zaidi. Tena useme kweli. Usiseme kadi imeibwa wakati unajua ulilala pale. Benki itaifunga kadi, na madai yako yataanguka hoteli itakapotoa sahihi yako.

Benki ikikuzungusha, omba jibu la maandishi. Benki Kuu ya Tanzania hupokea malalamiko ya wateja wa mabenki, lakini itakuuliza kwanza kama uliyafikisha kwenye benki yako na ulijibiwa nini.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Siku hizi daftari ni risiti na ujumbe wa simu. Vihifadhi mpaka hesabu ifungwe.